Ng'ombe Wasio na Mwenyewe

Ihanja, Ikungi
9 Septemba 2023

Mdogo wangu Peniel,

Ulinikataza kukuandikia kwenye simu kwa sababu mkeo Jenifa huishika. Basi nakuandikia kwa karatasi, ofisini kwako Dodoma, kama mtu anayeomba kazi ya kufagia. Kondakta wa basi ameahidi kuikabidhi getini. Ukikuta bahasha imefunguliwa, ni yeye, ana umbea.

Vijana wako wa kanzidata wamefika. Mwaka mzima umetuhubiria kwamba taifa linajenga ghala la taarifa za biashara na mikopo, kwamba kila mwenye genge na kila mwenye zizi ataonekana mpaka benki, na benki ikishamwona itamkopesha. Nikangoja. Nikafagia hata uwanja. Akaja kijana mmoja na kishikwambi, amevaa viatu vyeupe, akasimama mbali na mavi ya mbuzi. Hakusalimia. Nikamweleza kuwa nanunua alizeti kwa wakulima, nakodi mashine Singida mjini, nakamua, na mafuta nauza hapa barabarani, na kwamba malori yanayoteremka kutoka Mwanza yananijua kwa jina. Akabonyeza, akasema, "Biashara ndogondogo." Akachungulia zizini, akaona mbuzi. Akabonyeza tena: "Ng'ombe, hakuna."

Ningesema nini? Shemeji yangu Ezekieli alikuwa amekaa palepale anachonga mpini, masikio yote kwangu. Unajua kuwa mume wangu alipofariki niliwahamisha ng'ombe wangu kabla ya matanga kuisha, nikawawekesha kwa Alute. Bila hivyo nduguze wa Mwankoko wangewagawana huku mimi nikiwapikia chai. Unajua vizuri, maana shahidi ulikuwa wewe.

Kijana akatoka kwangu akaenda kwa Alute. Maskini Alute, zizi lake limejaa ng'ombe wa watu na wake mwenyewe ni wawili. Akaulizwa, "Hawa wote ni wa nani?" Akajibu kama mtunzaji yeyote mwenye heshima zake anavyojibu huku kwetu: "Wangu." Ng'ombe wa kuwekeshwa hatajwi mwenyewe mbele ya mgeni, ndiyo maana tunawaacha kwake tukalala usingizi. Kijana akaandika. Kwa hiyo kwenye mashine yenu Alute ni tajiri wa kata na mimi ni mama wa mbuzi.

Rekebisha hilo. Vijana wako wawaulize watu faraghani swali moja tu: una ng'ombe kwa mwingine? Nataka mkopo ninunue mashine yangu mwenyewe ya kukamua kabla ya mavuno yajayo. Nimechoka kuwatajirisha wenye mashine wa mjini. Dhamana ninayo, ila imelala kwenye zizi la mtu.

Wale wako wa mabaka hawajambo. Mmoja ana mimba.

Dada yako,
Magdalena


Dodoma
22 Septemba 2023

Dada Magdalena,

Barua yako imepokelewa na yaliyomo yamezingatiwa.

Kwanza, naomba usiandike tena habari za "wale wa mabaka" kwenye karatasi yoyote. Jenifa anajua kwamba baba hakuniachia kitu, na abaki akijua hivyo. Nyumba yetu ya Nala imekwama kwenye linta. Siku atakayosikia nina ng'ombe, ataniambia wote wauzwe tupate bati. Ofisi nayo ina fomu yake ya kutaja mali, na mimi niliijaza nilivyoijaza.

Pili, swali unalolidai lilikuwepo kwenye rasimu. Nililiondoa mimi. Linachelewesha kazi na jibu lake halithibitiki. Mfumo wa taifa hauwezi kusimama njiani ukisubiri wazee wa Ihanja wamalize kunong'onezana. Kwa mujibu wa mfumo, ng'ombe ni wa mwenye zizi.

Niseme ukweli, dada, huko kwetu mnachosha. Mnaficha ng'ombe, mnaficha mtama, hata malaria mnaificha, halafu mnalalamika kwamba serikali haiwaoni. Kaulimbiu ya mradi huu, ambayo nimeibuni mwenyewe, ni "Mficha uchi hazai". Tumeipiga chapa kwenye fulana. Nitakutumia moja.

Ukitaka kukopesheka, hamishia ng'ombe wako zizini kwako waonekane. Mengine ni mila, na mila haina safu kwenye kanzidata.

Peniel
Mratibu Msaidizi


Ihanja
14 Novemba 2023

Kwa Bwana Mratibu Msaidizi,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta shikamoo. Labda imedondoka njiani. Mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua, ukanitapikia mpaka shingoni, leo unaniandikia "yamezingatiwa". Marahaba, hata kama hukuamkia.

Fulana imefika. Nimeifanya tambara la kupangusia madumu, na inanyonya mafuta vizuri, kwa hiyo usiseme mradi wako haujatusaidia.

Nilikwenda Ikungi kuomba mkopo. Binti wa dirishani akaandika jina langu, akangoja, akanitazama kwa huruma. "Mama, upo, lakini huna taarifa." Nikamuuliza maana yake. Akasema mashine inaniona lakini haioni kitu chochote nilichonacho wala nilichowahi kufanya. Nimelea watoto watatu kwa mafuta ya alizeti, mmoja amefika chuo, halafu nisafiri mpaka Ikungi kuambiwa kwamba sijawahi kufanya kitu.

Wiki hiyohiyo Alute alikuja kwangu ameshika simu kwa vidole viwili. Alikuwa ameletewa ujumbe: "Hongera ALUTE, sasa unakopesheka!" Akaniuliza nani anamchezea uchawi. Nikamwambia ni mdogo wangu. Kesho yake kampuni moja ya mikopo ya mjini ikamfuata na gari, wale ambao watu huwaita kausha damu. Wakamwita mheshimiwa. Wakazunguka zizi wakipiga picha ng'ombe mmoja mmoja, wangu na wa wenzangu, na wa mabaka pia. Naandika hivyohivyo, wa mabaka, na karani wako asome.

Selina, mke wa Alute, anasema siku hizi mumewe anakohoa kabla ya kuongea. Kanisani amehamia benchi la mbele. Mtu ambaye maisha yake yote aliitwa kuja kushika mbuzi achinjwe, ghafla anaitwa kuja kufungua harambee. Ningecheka, lakini anachokiwekea kifua mbele ni mali yangu.

Nakuomba kwa mara ya pili, rudisha lile swali.

Magdalena


Dodoma
2 Desemba 2023

Dada,

Barua za kiofisi hazina shikamoo. Usilifanye hilo kuwa ugomvi wa ukoo.

Ninachokisoma kwenye barua yako ni wivu. Mwananchi wa kawaida ameonekana na mfumo, maisha yake yamebadilika, wewe inakuuma. Wakubwa wangu wamefurahi sana na habari ya Alute. Tumemweka kwenye kipeperushi, amesimama mbele ya zizi, na chini yake kaulimbiu yangu. Wafadhili waliuliza kama ni mtu kweli au tumemtengeneza. Mimi natazamiwa kupanda cheo mwezi wa saba, kwa hiyo huu si wakati wa kuniletea maneno.

Alute ana akili yake. Hatakopa. Watu wa huko wanaogopa hata kukopa chumvi.

Peniel


Ihanja
18 Februari 2024

Peniel,

Amekopa.

Unajua amenunua nini? Mashine ya kukamua alizeti. Ileile niliyokuwa nikiitamani, rangi ya kijani, na injini yake. Imeshushwa kwa Alute kwa vigelegele, na mchungaji akaiombea. Mimi nilisimama nyuma ya watu, nikaitazama mashine yangu ikiingia kwa mtu mwingine kwa nguvu ya ng'ombe wangu. Nilitamani nipige yowe. Nikapiga makofi kama wengine.

Alute hajawahi kukamua hata limau. Siku ya kwanza aliingiza alizeti mbichi, mashine ikaziba ikalia kama mtu anayekabwa. Nikamfuata, nikamwambia kwa upole, Alute, mbegu zinaanikwa kwanza, halafu zinachekechwa, nipishe nikuonyeshe. Akakohoa. Akasema ataajiri mtaalamu. Heshima mliyompa imekuwa kiatu kikubwa mno kwa mguu wake, na hataki kukivua mbele ya watu.

Mvua nazo zimekataa kukatika. Mashamba ya bondeni yanasimama maji, na alizeti inaoza ikiwa imesimama. Sitaki kuwa nabii wa mabaya, lakini mwaka huu hakutakuwa na cha kukamua, na hao wa kausha damu hawasubiri mwaka mwingine.

Kipeperushi chenu nimekiona. Dorkas wa gengeni anakifungia maandazi yake.

Ng'ombe wako wa mimba amezaa. Ndama jike, baka jeupe usoni.

Magdalena


Ihanja
6 Julai 2024

Peniel,

Barua ya mwezi wa pili hukuijibu. Ya mwezi wa tano hukuijibu. Hii utaijibu.

Yametimia. Alizeti haikuwepo. Mashine imekuwa kiota cha kuku. Alute alilipa mwezi mmoja kwa kuuza fahali wake, na wa pili kwa kuuza baiskeli na redio, kisha akawa hana. Wala hakugusa ng'ombe wa mtu, hilo nampa. Jumatatu kijana wa kampuni amekuja na watu wake na kopo la rangi nyekundu. Wamepaka pembe za kila ng'ombe zizini. Wangu, wa Leonard, wa mjane Redempta, na wako. Wamesema wanarudi na lori.

Alute amekaa mlangoni kwake, amerudi kuwa Alute yuleyule wa zamani, hata kukohoa ameacha. Selina ndiye aliyekuja kwangu. Akaniambia, "Mama, mume wangu anaona afadhali afe kuliko kutaja majina ya wenye ng'ombe. Tajeni ninyi wenyewe."

Nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji. Amekubali. Tarehe ishirini na tatu kijana wa kampuni atakuwepo, na mkutano utakuwa hadharani. Mwenye ng'ombe kwa Alute asimame aseme ni wake, alete shahidi, na kijiji kigonge mhuri. Asiyesema mbele ya watu, asije kusema baadaye.

Unaelewa maana yake kwangu. Nikisimama pale, Ezekieli na ukoo mzima wa marehemu watajua kilichofichwa miaka yote hii, na watakuja. Waje. Afadhali nigombane na mashemeji kuliko kuona ng'ombe wangu wanapandishwa lori kwa deni la mashine niliyonyimwa. Nimeogopa nimechoka.

Njoo uwe shahidi wangu. Kisha usimame useme wa kwako. Fulana yako imeandikwa kwamba mficha uchi hazai, njoo utuonyeshe mfano.

Magdalena


Dodoma
11 Julai 2024

Dada yangu mpendwa Magdalena,

Shikamoo.

Shikamoo sana, dada. Natumaini hujambo, na watoto hawajambo, na magoti hayakusumbui na baridi hii.

Nimesikitika mno kwa yaliyompata Alute. Ni mtu wa heshima sana na baba alimpenda. Nitakuja tarehe hiyo, nimeomba gari la ofisi. Ila nina wazo dogo, na wewe una hekima kunizidi. Ukisimama kutaja wa kwako, si ungewataja na wale wengine kwa pamoja? Nani atajua? Halafu mambo yakitulia tunayamaliza kindugu. Mimi cheo kinajadiliwa mwezi huuhuu. Mratibu wa kanzidata akionekana ana mali ambayo haimo kwenye kanzidata, watanicheka mpaka Dar es Salaam. Na Jenifa, dada. Fikiria Jenifa.

Nakutegemea.

Mdogo wako anayekupenda,
Peniel


Ihanja
15 Julai 2024

Marahaba.

Siwezi. Selina anawakamua kila siku, anajua kila ng'ombe na mwenyewe, na ameitwa kusema kweli mbele ya watu. Mimi sitamfanya mwanamke huyo aseme uongo ili wewe upandishwe cheo. Hivi ndivyo mtu anavyopata akili kwa ghafla: jana mila ilikuwa haina safu, leo unaomba nikufichie humohumo.

Njoo useme neno moja tu, "wangu". Alute asiye na kitu alilisema bila kutetemeka.

Magdalena


Ihanja
30 Julai 2024

Peniel,

Uliondoka haraka, dereva wako hata injini hakuzima. Nakuandikia yaliyofuata, kwa kuwa wewe ni mtu wa taarifa.

Ila nianze na uliyoyaona, nisije nikasikia umeyasimulia kivingine. Nilisimama. Nilisema ng'ombe wangu ni wepi na niliwaleta lini, mbele ya Ezekieli, ambaye mdomo ulibaki wazi nzi wangeweza kuingia. Mtendaji akauliza shahidi ni nani. Nikasema ni mdogo wangu huyu hapa mwenye suti. Watu wote wakakugeukia. Na wewe, mtoto wa mama yangu, ukarekebisha tai ukasema, "Mimi nipo hapa kikazi. Sifahamu habari za ng'ombe wa mtu yeyote."

Sikuwa nimewahi kuona aibu ya kuzaliwa na mtu. Siku ile niliiona.

Selina akasimama kabla sijaanguka. Akasema yeye ndiye shahidi wangu, siku ile niliyowaleta alikuwepo akinyonyesha, na akawataja wangu mmoja mmoja kwa rangi na tabia. Mhuri ukagongwa. Baada yangu akasimama Redempta, akasimama Leonard. Ilikuwa kama watu wanavua nguo nzito, kila mmoja akihema akishasema.

Wakabaki wale wa mabaka. Alute akainuka, ulimwona. Hakutaja jina lako hadharani, alikuja mpaka mbele yako akasema polepole, "Mdogo wangu, nifungue. Wale je?" Alikuwa anakuomba ruhusa ya kukutaja, Peniel. Mtu amefilisika, amedhalilika, bado anakutunzia siri, na anakuomba umwondolee mzigo. Ukamjibu kwa sauti, watu wasikie, "Mimi sina ng'ombe hapa, mzee. Sijawahi kuwa na ng'ombe." Ukapanda gari.

Haya, yaliyofuata. Kijana wa kampuni alitaka kuondoka na kitu kisicho na kesi. Wenye mhuri hawezi kuwagusa. Mtendaji akamuuliza Alute, hawa wengine ni wa nani? Alute alilia, mzee mzima, mbele ya watoto. Akasema, "Walikuwa na mwenyewe. Amewakana mbele yenu." Huku kwetu unajua hilo maana yake nini. Ng'ombe aliyekanwa na mwenyewe mbele ya mkutano ni wa mwenye zizi. Wakawapandisha lorini wale wa mabaka wote, na deni likaisha palepale. Ndama jike walimkataa, wakasema ni mdogo.

Ng'ombe wa baba yetu wamelipa mashine ya Alute. Nilipowaona wanapanda nililia, kwa ajili yao, si kwa ajili yako.

Magdalena


Dodoma
5 Agosti 2024

Magdalena,

Huo ni wizi. Ulijua ni wangu. Alute alijua. Selina alijua. Kijiji kizima kilikaa kimya kikaangalia mali yangu ikipandishwa kwenye lori. Mngeweza kunipigia simu.

Nitalipeleka suala hili mbele.

Peniel


Ihanja
12 Agosti 2024

Peniel,

Lipeleke. Watakuuliza kwanza, "Ng'ombe wa nani?"

Magdalena


Ihanja
16 Juni 2025

Peniel,

Mwaka mzima umenyamaza, na mimi nimepumzika. Ila alizeti mwaka huu imekubali, na moyo wangu umekunjuka kidogo, kwa hiyo nakupa habari.

Mashine inafanya kazi. Baada ya ule mkutano Alute alinijia bila kukohoa, akasema, "Magdalena, mashine hii ilikuwa yako tangu mwanzo, mimi niliitwa mheshimiwa nikapumbaa." Tumepatana: mashine ni yake, kazi naiendesha mimi, tunagawana. Wakulima wanapanga foleni hapa mpaka barabarani. Mashudu yanachukuliwa na wafugaji kabla hayajapoa. Mashemeji wa Mwankoko walikuja kama nilivyotabiri, na barua ya kikao cha ukoo. Nikawaonyesha mhuri wa kijiji, nikawapa chai. Hawakumaliza chai.

Utafurahi kusikia mfumo wako umemsifu Alute. Kaletewa ujumbe kwamba amelipa deni lote kabla ya muda, amewekwa daraja la juu kabisa, na sasa anaweza kukopa mara mbili ya mwanzo. Ng'ombe wako wamempatia sifa njema nchi nzima. Ameufuta, akampa mjukuu simu achezee. Mimi nilirudi Ikungi kuuliza jina langu, kwa udadisi tu. Bado sina taarifa.

Nimekutumia dumu la mafuta kwa basi. Ni la Jenifa, kwa salamu za wifi yake. Akikuuliza mashine ilinunuliwa kwa mali ya nani, mjibu wewe, ndiye mwenye kanzidata.

Magdalena


Nala, Dodoma
3 Julai 2025

Wifi Magdalena,

Shikamoo wifi. Samahani nimekuandikia kwa karatasi. Peniel ana tabia ya kushika simu yangu, na jambo hili sitaki alijue.

Asante sana kwa mafuta. Hata majirani wameuliza nimeyapata wapi. Cha ajabu Peniel hayagusi. Anasema tumbo limekataa alizeti, wakati zamani alikuwa anakunywa mchuzi wa mafuta kama chai. Nimeficha dumu, maana kila akiliona alikuwa anatoka nje.

Wifi, ninahangaika naye. Tangu mwaka jana amekonda. Cheo hakupewa, lakini nadhani si hilo. Mwezi uliopita tulikwenda kwetu Kintinku kumsalimia mama, tukapita mnadani. Akasimama mbele ya ng'ombe wa mabaka, akaganda. Nikaona machozi yanamlenga. Nikamuuliza, akasema ni vumbi. Mimi ni mtoto wa wafugaji, vumbi nalijua na kilio nakijua. Nikawaza, masikini mume wangu, baba yake hakumwachia hata ndama, na yeye kwa kiburi chake hawezi kunung'unika. Mwanaume wa kwenu akae mjini bila hata ng'ombe mmoja nyumbani kwao, anajionaje?

Najua anadhani mimi nataka bati tu. Bati litapatikana. Nimekuwa nikiweka akiba kwenye kikundi chetu cha akina mama, kidogokidogo, bila yeye kujua. Sasa inatosha ng'ombe wawili. Nataka nimnunulie huko kwenu, wa mabaka, nimfanyie mshangao mwisho wa mwaka. Nitafutie, wifi, na unitafutie mtu mwaminifu wa kuwatunza. Usimwambie Peniel.

Wifi yako,
Jenifa


Ihanja
9 Julai 2025

Wifi yangu Jenifa,

Marahaba, mwanangu. Marahaba tena.

Barua yako imenikalisha chini. Nilikuwa nasimamia mashine, nikaizima, na wakulima wakanilaumu. Mimi ni mwanamke wa maneno mengi na kwa mumeo sijawahi kuyakosa. Lakini kwako nimetafuta la kusema tangu juzi. Sikukujua, wifi. Nilikujua kwa maneno ya mtu mwingine, na nilikosea kuyaamini.

Ng'ombe nitakutafutia, wapo wazuri. Mtu mwaminifu yupo, anaitwa Alute. Amini hivyo kwa sababu mimi nimemwona akijaribiwa. Ila kuwekesha ng'ombe kwetu kuna masharti: mwenye mali aje mwenyewe, kwa miguu yake, na shahidi awepo. Usitume pesa, na usimtume Peniel. Njoo wewe. Shahidi wako nitakuwa mimi, na nikiulizwa nitasema.

Wala hutahitaji kununua wawili, mmoja atatosha. Pale kwa Alute yupo mtamba wa mabaka, ana baka jeupe usoni. Mama yake na wenzake waliondoka kwa lori mwaka jana, yeye akabaki kwa sababu ya udogo. Mwenyewe alimkana mbele ya kijiji kizima. Alute hajamuuza wala hajampa mtu, anasema anangoja mtu wa nyumba ileile atakayekuja kumdai bila aibu. Huyo ni wako.

Ukifika zizini muulize Alute ni wa nani na wenzake walikwenda wapi. Siku hizi akiulizwa anasema.

Basi la asubuhi linashusha hapa barabarani kabla ya saa sita. Nitakuwa kwenye mashine.

Wifi yako,
Magdalena